Gadenia Iliyonuna Uani

Simu ya Neema ilinikuta nimeinama mezani napaka rangi raba nyeupe iliyochubuka puani. Namba sikuijua. Akasema, "Kaka Sudi, shikamoo. Mimi Neema, Neema wa Kariakoo, wa yule mama wa samaki." Nikaitikia marahaba, na kabla sijauliza mama hajambo, akaniambia mama ametutoka, wameshazika, arobaini ni Jumamosi, na namba yangu ameipata kwa kuniulizia Mchikichini banda kwa banda. Nikampa pole. Nikampa pole nyingine. Halafu mimi, ambaye nikianza kunadi viatu mteja anasahau alichokuja kununua, nikawa sina neno. Neema akangoja, akaona kimya, akasema, "Basi uje, kaka," akakata. Nikarudi kwenye raba yangu, nikapaka, nikapaka, mpaka nikagundua nimeshapaka mpaka soli. Miaka kumi na moja nilikuwa nimepanga kwenda kumwambia yule mama neno moja. Nilikuwa nasema mwezi huu, nasema baada ya sikukuu, nasema nikipata nafasi ya kwenda Mbagala. Nafasi ndiyo hiyo imekuja, na mwenyewe hayupo.

Nyumba tuliyokaa mwaka ule haipo tena, pamesimama ghorofa la maduka ya simu, na nikipita pale nageuza shingo upande wa pili. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya chini, korido katikati, vyumba sita, na maghorofa yameibana huku na huku kama mtoto aliyewekwa katikati ya watu wazima kwenye picha. Vyumba vitatu vilikuwa stoo za wafanyabiashara, mabalo ya mitumba na maboksi ya vyombo vya plastiki mpaka juu. Kimoja cha mwenye nyumba, Bi Hidaya, kimoja changu, kimoja cha Mama Neema na binti yake. Jioni ukiingia unapita makufuli matatu makubwa kabla hujasikia mtu anakohoa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, najiamini kupita kiasi, na wenye nyumba wengine wote walikuwa wakinisikiliza dakika mbili tu wanasema chumba kimeshachukuliwa. Bi Hidaya alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Unaongea sana, mjukuu wangu. Nyumba hii imekuwa ya maboksi. Ingia." Kwa neno lile ningepigana na mtu yeyote kwa ajili yake. Na nilipigana kweli, ila na mtu asiyestahili.

Uani, ukutani mwa bafu, pale jua la asubuhi linapofika halafu linaondoka, Bibi alikuwa na gadenia kwenye nusu pipa la bluu. Mti wenyewe ulinifika kifuani, majani ya kijani kizito yanang'aa kama yamepigwa kiwi. Ua lake siku ya kwanza jeupe kama shati la mwanafunzi Januari, siku ya pili rangi ya maziwa, siku ya tatu linageuka njano kama karatasi ya zamani, lakini harufu inabaki. Kariakoo unaijua harufu yake: mitaro, mafuta ya kukaangia, viroba, jasho. Ua moja likichanua, ukifungua mlango wa uani asubuhi unasimama kwanza. Bibi alikuwa anachuma moja tu, analielesha kwenye kisahani cha maji juu ya friji, na siku hiyo hata sauti yake ya kuitisha kodi inakuwa ya taratibu. Macho yake yalikuwa yanaziba. Masika yalipoisha, mwanawe wa kike aliyeolewa Tanga akamwita akafanyiwe upasuaji. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye pipa akipapasa ukuta. "Sudi, hii usiihamishe. Ina kiburi, ukiisogeza inamwaga vitumba vyote. Na maji inapenda ya mvua. Nikirudi nataka niikute inanukia. Macho yakikataa, pua bado ninayo." Nikaapa. Mimi kuapa ni mwepesi sana.

Tukabaki watatu. Mama Neema alikuwa mtu wa Masasi, mnene, mwenye upole ambao ukiwa na hasira unakuongezea hasira. Alfajiri yuko Feri anagombea ndoo ya vibua, saa nne yuko uani anaparua magamba, mchana yuko kwenye kona na karai lake la mafuta. Jioni samaki waliovunjika mikia, wale wasiouzika, wanakuwa wetu. Neema, ana miaka kumi na moja, anafanya hesabu juu ya kreti ya soda, mama yake anasonga ugali, mimi naongea. Niliwasimulia kila mteja niliyekorofishana naye siku hiyo, na nilikuwa nakorofishana na wengi. Mama Neema alikuwa ananisogezea kichwa cha samaki na kusema, "Kula, baba, mdomo upumzike." Neema anacheka mpaka penseli inaanguka. Sikujua kuwa ile ndiyo familia. Nilidhani ni chakula cha jioni tu.

Kuanzia Agosti maji ya bomba yakawa ya kusikia redioni. Tukawa tunanunua ya kisima kwa watu wa mikokoteni, yale ambayo ukipikia chai unaionja chumvi na sabuni inakataa kutoa povu. Mimi gadenia ya Bibi sikuibania. Kopo mbili asubuhi, kopo mbili jioni, wakati mwenyewe naoga nusu ndoo. Septemba majani yakaanza kugeuka njano, lakini njano ya ajabu: jani linapauka, mishipa inabaki kijani, kama ramani ya mito. Nikauliza watu. Kariakoo ukiuliza kitu unapata majibu kumi bure, na yote yalikuwa mamoja: weka majivu. Kila mtu mama yake kule kwao aliweka majivu kwenye mchicha, kwenye mpapai, kwenye mgomba. Basi nikawa kila asubuhi nachota majivu kwenye jiko la Mama Neema, nazungushia shinani, namwagilia maji ya kisima juu yake. Yalivyozidi kupauka, nikazidisha. Halafu mwenye stoo mmoja akaniambia inataka jua, nikalivuta pipa mpaka katikati ya ua wa nyumba, nikavuta kwa jasho, nikasimama nikaona nimefanya kazi. Siku nne baadaye vitumba vyote vilikuwa chini, vibichi, vimekaza kama njugu.

Nilivikuta nikitoka kazini mapema. Na pembeni ya pipa nikaona sakafu imelowa, magamba mawili ya samaki yanang'aa. Sikufikiri. Akili yangu siku zile ilikuwa inafika baada ya mdomo. Nikatoka mpaka kwenye kona, Mama Neema ana wateja wanane hivi, wamesimama na sahani za plastiki mikononi, nikaanzia mbali ili wote wasikie. Nikasema mwanamke huyu ana roho mbaya. Nikasema anamwaga maji ya samaki kwenye ua la bibi kipofu kwa sababu anataka nyumba inuke kama yeye. Nikasema watu wa kuja wakipewa chumba wanataka na uani. Mimi mwenyewe mtu wa kuja, nimetoka Kilwa na begi moja, na niliyasema hayo. Neema alikuwepo, amevaa sare, ameshika chupa ya pilipili. Mteja mmoja akaguna, "Dogo, si umuite pembeni?" Nikamwambia yeye ale samaki wake. Mama Neema hakusimama. Aligeuza kibua upande wa pili, akakitazama mpaka kikaacha kulia, ndipo akaniangalia. "Sudi baba, umemaliza?" Nikasema bado. "Basi ukimaliza, utaniambia." Akamgeukia aliyefuata kwenye foleni, akamuuliza anataka na ndimu.

Nyumba ile ikanyamaza. Nikipita uani nasema shikamoo, kwa sababu adabu ni adabu, naye anajibu marahaba, na hilo ndilo lilikuwa neno letu la siku. Jioni nanunua chipsi kwenye mfuko, nakula kitandani, mlango umefungwa, nikisikia kijiko chao kinagonga sufuria. Kuta za nyumba zile hazifiki darini, unasikia hata mtu anavyojifunika. Nilimsikia Neema akisoma kwa sauti habari za mzunguko wa maji, nikajikuta nangoja akosee ili nicheke, na akakosea, na sikuwa na wa kucheka naye. Kutwa nzima Mchikichini napiga kelele, "Kiatu cha Ulaya, mguu wa Ilala, njoo upime bure," natania dada za watu, halafu naingia koridoni, kufuli, kufuli, kufuli, na mdomo unaganda. Bi Hidaya alikuwa anapiga simu Ijumaa. Anauliza, "Mti wangu?" Nasema, "Upo, Bibi, unakusalimia." Anauliza, "Mama Neema?" Nasema yupo.

Kilichoniokoa ni kukosa subira. Siku moja nilichuma majani matatu ya njano, nikayatia mfukoni, nikaenda kwa wale wauza miche wa kando ya barabara. Jamaa aliyekuwa pale, Festo, mwembamba, kofia ya mkeka, akalishika jani moja akalielekeza kwenye mwanga. Hakuniuliza mti unaitwaje. Akaniuliza, "Nani anaupa majivu?" Nikainamia miche yake. "Na maji ya kisima?" Nikayarudisha majani mawili mfukoni. Akacheka taratibu. "Bro, huu ni ndugu wa mbuni. Kahawa unaionaje inakua kule milimani, udongo mwekundu, mvua, ukungu? Huu unataka udongo mchachu. Majivu yanaua ule uchachu, na chumvi ya kisima inamalizia. Chakula kipo shinani lakini mdomo umefungwa. Mti unakufa njaa kwenye sahani iliyojaa." Nikamuuliza na maji ya samaki je. Akasema ya samaki yana chumvi, mabaya, lakini mara moja moja hayawezi kufanya hivi. "Hii ni kazi ya mtu anayeipenda kila siku."

Neno hilo nilitembea nalo kutoka pale mpaka nyumbani kwa miguu. Nilipofika nikaukagua ua mzima kama askari. Yale magamba mawili yalikuwa kwenye njia ya mfereji, Mama Neema alikuwa amemwaga maji yake pale pale anapomwaga siku zote. Pipa ndilo lililokuwa limehamia njiani kwake. Nililihamisha mimi.

Kazi niliyofanya baada ya hapo naijua kwa moyo, na ukitaka gadenia sikiliza, maana nilijifunza kwa kuharibu. Nililirudisha pipa ukutani mwa bafu na sikuligusa tena. Nikakwangua udongo wa juu wote wenye majivu, nikatoboa chini matundu zaidi, maana gadenia inapenda unyevu lakini haipendi kusimama majini. Festo akaniuzia udongo wa majani yaliyooza na samadi ya zamani isiyonuka. Nikaenda kwa mzee wa kahawa, yule wa birika refu la shaba na kashata, nikamuomba machicha yake. Akaniuliza, "Unapiga ramli?" Nikamwambia ni ya mgonjwa. Nikawa nayakausha, nayachanganya na majani makavu kwanza, naweka konzi moja kila baada ya wiki mbili, usizidishe, mimi nilishajua kuzidisha kunafanya nini. Yakabaki maji. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa za kutania. Ndipo siku moja tone likaniangukia shingoni uani, nikaangalia juu nikitaka kutukana, nikaona mabomba ya AC za ghorofa la jirani, yamejipanga, yanadondosha. Maji yale hayana chumvi, hayana chokaa, ni unyevu wa hewa tu umegeuka maji. Tulikuwa tunayalaani miaka yote kwa kulowesha nguo kambani. Nikatega ndoo.

Ndoo moja, chini ya bomba lililokuwa karibu na mlango wangu. Kutwa nzima ilikuwa haifiki nusu. Wiki ya pili nikarudi kazini nikakuta imejaa. Kesho yake imejaa. Nikadhani ghorofani wameongeza baridi. Halafu Jumapili nimelala, nimefunga mlango, nikasikia Neema uani. "Mama, mbona unahamishahamisha ndoo ya Sudi? Yeye si hatusemeshi?" Mama yake akawa anapangusa kitu, nilisikia kitambaa. "Hapa pakikauka unaipeleka pale. Bomba hili linatoa mchana, lile jioni." Neema akasema, "Alikutukana, mama. Mbele za watu." Mama yake akasema, "Alinitukana mimi. Mti ulisema nini?"

Nilikuwa hatua saba kutoka kwao. Nimezipima baadaye, kitanda mpaka kizingiti cha uani, saba. Nilikaa kitandani na viatu vya watu kwenye gunia, nikavaa shati, nikavua, nikavaa. Nilikuwa na maneno ya kumuuzia mtu raba za mguu mmoja. Neno la kuvuka korido sikulipata. Nilijiambia nangoja mti upone kwanza, nimwambie nikiwa na kitu mkononi. Hivi ndivyo mtu mwenye kiburi anavyoahirisha, anajitafutia sherehe.

Majani mapya yalianza Januari, madogo, ya kijani cha limao, halafu yakazama kwenye kijani chake. Masika yalipoingia tukatega kila chombo, masufuria ya Mama Neema na madebe yangu yamepangana uani bila sisi kupangana, na mvua ikigonga kila kimoja kwa sauti yake. Vitumba vikaja. Sikulisogeza pipa hata kufagia. Mwisho wa Mei, Bi Hidaya akarudi, ameshikwa mkono na mwanawe, miwani myeusi, na nikajua kwa namna alivyonyoosha kiganja hewani kuwa macho yamekataa. Maua matatu yalikuwa wazi asubuhi ile. Hakufika hata kwenye pipa. Katikati ya korido, kati ya makufuli, alisimama akainua uso. "Aaa," akasema. Akakaa vile muda mrefu. Mwanawe akageukia ukutani. Tulipomfikisha uani akanipapasa kichwa, akasema, "Mjukuu wangu umenitunzia. Wengine wangeiacha ife. Umenitunzia peke yako."

Mama Neema alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono ina unga wa samaki. Nilimwona. Aliniangalia, si kwa kudai kitu, alikuwa anangoja tu kama mtu anavyongoja chenji. Ilikuwa rahisi kuliko siku nyingine yoyote. Ningesema, Bibi, tulikuwa wawili. Nikasema, "Usijali, Bibi, nilikuahidi." Mama Neema akaingia ndani. Tusi la kule kwenye kona nililitoa kwa hasira, na hasira ina mlango wa kutokea. Hili la pili nililisema nimetulia, natabasamu, na ndilo linaloniamsha.

Bibi alikuwa amekuja kuaga. Watoto walishaiuza nyumba. Tulipewa mwezi, mti ukapakiwa kwenda Tanga, na niliambiwa baadaye haukudumu, uligoma kushika huko huko. Mama Neema alihamia Mbagala Jumanne, mimi nikiwa kazini. Nilikuta chumba wazi, kimefagiwa, kreti ya soda imeegeshwa mlangoni kwangu. Juu yake bakuli limefunikwa, na ndani kichwa cha samaki.

Jumamosi nilikwenda Mbagala. Nimevaa vizuri, nimefika mapema, watu wanapanga viti chini ya turubai, wanawake wako nyuma na masufuria, kwaya inajaribu sauti. Neema ni mtu mzima, ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule, na ana utulivu wa mama yake, ule unaokunyima pa kushika. Alinikaribisha soda, tukakaa, tukawa tunasema mambo ya foleni na joto. Watoto wawili walipita mbio na ndoo, mmoja akakatiza upande wa nyumba, na Neema, bila hata kugeuka, akasema kwa sauti, "Nani anamgusa Sudi? Msimguse Sudi."

Nikamwangalia. Akaweka mkono mdomoni, akacheka, halafu akaacha kucheka. "Njoo uone," akasema. Ukutani, upande unaopata jua la asubuhi, lilikuwepo pipa la bluu, na gadenia imenipita kimo. Chini yake ndoo imetegwa kwenye mfereji wa bati, na shinani machicha ya kahawa. "Mama aliiba," Neema akasema. "Siku ya kuhama. Alikata kijiti asubuhi, kama kalamu, akakitia kwenye mchanga, akakifunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Aliniambia nisimwambie mtu. Kikashika mizizi baada ya miezi miwili. Tukahamisha pipa mara moja tu, mwaka wa kwanza, kikamwaga vitumba vyote. Mama akasema, huyu kanuna kama Sudi. Ndiyo jina likabaki hilo. Kila asubuhi, 'Neema, umemwangalia Sudi? Kameza maji?' Wajukuu wa jirani wanajua ni jina la mti."

Nikamuuliza kama mama yake alikuwa bado na hasira. Neema akafikiri. "Sijui kama alikuwa nayo hata siku ile. Alikuwa anasema tu, huyu ataniambia akimaliza." Akaitwa nyuma, sahani hazitoshi, akaenda.

Nilibaki pale. Palikuwa na ua moja, la siku ya pili, rangi ya maziwa, na nyuki yumo ndani. Kwaya ilikuwa imeanza upande wa pili na hakuna aliyekuwa ananisikiliza, na hivyo ilikuwa vyema. Nikainua ndoo, ilikuwa na maji ya mvua ya juzi, nikamimina shinani kidogo kidogo, nikingoja udongo uyanywe kabla ya kuongeza.

"Nimemaliza, Mama Neema," nikasema.